Kisu cha Kukunja na Jiwe la Kukinolea

Katika masoko ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, visu vya kukunja huuzwa juu ya turubai pamoja na kufuli, kurunzi na nyuzi za viatu. Mkulima hununua kwa kukatia kamba za magunia na kupandikizia miembe. Karani, kwa kuchongea penseli. Wengi wetu hutazama bei na mpini unaong'aa tu, na baada ya mwezi hulalamika kwamba kisu hakikati.

Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na Okapi, kile kisu chenye mpini wa mbao uliopambwa nyota na mwezi, na pete ya chuma ivutwayo kabla ya kukikunja. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yao ya Afrika. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901, baada ya Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna wa Uganda, kupeleka London ngozi yake na mafuvu. Basi kisu hicho kilipokuwa butu, nilimpelekea fundi mwenye mashine ya umeme ya kunolea. Cheche ziliruka, nami nikafurahi. Siku ile kilinyoa hata nywele za mkono. Siku ya tatu kilishindwa kukata kamba ya katani.

Nilimwonyesha mzee mmoja wa Samia, wa ukoo wa wahunzi. Wasomaji wajua kwamba katika vilima vya Samia watu wa zamani waliyeyusha chuma wakafua majembe, ambayo yalifika mbali na hata kutolewa mahari. Mzee alitazama makali, akaniuliza, "Mwanangu, rangi hii ya samawati umeipata wapi? Umekipika kisu."

Alisema kweli. Chuma cha pua hupewa ugumu wake kwa moto na maji, na moto usio na kipimo huuondoa. Kikifika joto la digrii kama 300 hugeuka samawati, na makali yake huwa laini. Makali ni membamba, kwa hiyo hupata joto hilo upesi sana juu ya gurudumu liendalo mbio. Dawa ilikuwa kukisaga polepole juu ya jiwe lenye maji mpaka sehemu ile iliyoungua ikaisha. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, na kisu kikapungua upana.

Tangu hapo nanoa mwenyewe. Kunja pembe ya karatasi mara mbili: pembe mraba huwa nusu, kisha robo, yaani digrii 22 na kitu. Hiyo ndiyo pembe ya kulaza kisu juu ya kinoo. Lowesha jiwe, sukuma makali mbele kana kwamba wakata utandu mwembamba juu yake, wala usibadili pembe. Endelea upande mmoja mpaka kidole kisikie ukingo mdogo uliopindukia upande wa pili, ndipo ugeuze. Mwisho, kipitishe juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Ukinunua, kifungue na kutikisa bapa kando kando, likichezacheza, rudisha. Ukiruhusiwa, gusa bapa karibu na mpini kwa tupa ndogo: pua ngumu huitelezesha, chuma laini huliwa. Usikikatae kisu kwa sababu kinashika kutu, maana vingi vya namna hiyo hunoleka kwa urahisi. Kipanguse tu, ukatie tone la mafuta kwenye ribiti. Angalia pia kama kina kizuizi. Visivyo nacho hushikwa na springi peke yake, na ukichoma kitu kigumu kwa ncha hujikunja juu ya vidole. Kovu langu liko kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nalo hunisumbua nikiandika wakati wa baridi.