Baniani na Kitabu Chake

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Ndivyo tusemavyo Pwani. Kiatu twakijua, kitabu je?

Ndugu msomaji, kitabu chenyewe ni Bhagavad Gita: beti 700 katika sura 18, ndani ya utenzi mrefu wa Mahabharata. Shujaa Arjuna yuko vitani Kurukshetra. Atazamapo upande wa pili, awaona binamu zake, babu yake na mwalimu wake. Upinde wamponyoka. Mwendesha gari lake la farasi ni Krishna, ambaye Wahindu wamwamini kuwa ni Mungu. Huyo amfunza mengi, na makubwa ni matatu: roho haifi mwili ufapo, mtu atimize wajibu wake bila ya kutamani malipo, na amwelekee Mungu kwa mapenzi.

Muislamu hayakubali yote, hasa lile la roho kuzaliwa tena katika mwili mwingine. Lakini Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alijifunza Kisanskriti, na mnamo 1030 akaandika kitabu juu ya Bara Hindi akiinukuu Gita humo. Dini yake hakuiacha. Nami naona kumjua jirani si kumfuata.