Kifafa: Ugonjwa ni wa ubongo, aibu ni ya jamii

Tuseme umesimama kwenye steji jijini Nairobi jioni, unangoja matatu. Ghafla kijana aliye mbele yako anapiga ukelele na kuanguka. Mwili unakakamaa, kisha mikono na miguu inaanza kutetemeka. Povu linamtoka kinywani. Watu wote kwenye foleni wanarudi nyuma. Mmoja anaonya asiguswe. Mwingine anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni, na wa tatu anatoa funguo ashikishwe mkononi. Mama mmoja anakemea pepo kwa sauti kubwa. Baada ya dakika 2 hivi mtetemeko unakoma. Kijana anafumbua macho na kukuta amezungukwa na nyuso zilizojaa hofu.

Mambo mawili yamempata kijana huyo. La kwanza lilitokea ndani ya ubongo wake, nalo limekwisha. La pili limetokea kwa watu waliomzunguka, nalo huenda likamfuata hadi kazini, shuleni na hata siku atakapotaka kuoa.

Tumezoea kudhani kwamba ugonjwa ni jambo la mwili peke yake: kuna kidudu, kuna dalili, kuna dawa. Lakini kabla mgonjwa hajamfikia daktari, jamii huwa tayari imekwisha kuupa ugonjwa wake jina, imeamua chanzo chake na imechagua pa kumpeleka. Maradhi machache yanaonyesha jambo hili waziwazi kama kifafa.

Kinachotokea ubongoni

Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Wakati mwingine kundi la chembe hizo hutoa umeme kwa pamoja na kwa fujo, na mtu hupoteza fahamu, hutetemeka, au hukodoa macho tu kwa muda mfupi bila kuanguka. Aghalabu daktari husema mtu ana kifafa ikiwa amepatwa na hali hiyo angalau mara 2, kwa zaidi ya saa 24 kati ya moja na nyingine, bila chanzo cha papo hapo kama vile homa kali.

Vyanzo ni vingi. Kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyofika ubongoni, kiharusi, na mayai ya tegu wa nguruwe ambayo mtu huyameza kupitia chakula au mikono michafu. Wengine hurithi mwelekeo wa ugonjwa huu katika ukoo, na kwa wengi chanzo hakijulikani. Katika orodha hiyo yote hakuna mate, mkojo wala hewa anayotoa mgonjwa. Kifafa hakiambukizi.

Jina hubeba tiba

Hata hivyo, lisikilize neno lenyewe. Ndani ya "kifafa" mnasikika kufa. Aliyelitamka kwanza aliona mtu akianguka kama maiti kisha akiinuka, na si ajabu akaingiwa na hofu. Tangu hapo maelezo yamekuwa mengi: mapepo, laana ya wazee, uchawi wa jirani, mwiko uliovunjwa.

Kila maelezo huja na tiba yake. Anayeamini ni pepo huenda kuombewa, anayeamini ni uchawi huenda kwa mganga, na anayeamini ni laana huitisha kikao cha ukoo. Wanaofuata njia hizo si wajinga. Daktari hueleza namna ugonjwa ulivyotokea, lakini jamaa huwa na swali jingine: kwa nini mtoto wetu, na kwa nini sasa? Hospitali isiyo na nafasi ya kusikiliza swali hilo humwachia mganga alijibu.

Mfano mwingine ni ule wa dege, au degedege. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mtoto anapotetemeka kwa homa, wengi wamekuwa wakiamini kwamba ameingiwa na ndege au pepo. Tena kumekuwa na imani kwamba mtoto wa aina hiyo akidungwa sindano atakufa. Kwa hivyo hupelekwa kwanza kwa mganga, ilhali mara nyingi anachougua ni malaria kali, na kila saa inayopita ni hasara. Akifikishwa hospitali akiwa hoi na kufariki baada ya sindano, watu husema, "Si tuliwaambia?" Na yule anayenusurika malaria iliyomletea mitetemeko yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Jina lililopewa ugonjwa mmoja humchelewesha mtoto, na ucheleweshaji huo huweza kuzaa ugonjwa wa pili.

Makovu yasiyoletwa na ubongo

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwaka wa 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wanaokula peke yao katika vyombo vyao, na wengi wakiwa na makovu ya moto. Watu waliogopa kumgusa mgonjwa aliyeangukia jikoni, hasa povu likimtoka. Kifafa kilimwangusha, lakini aliyemwacha motoni ni hofu ya majirani.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya vijijini Afrika. Nchini Marekani, hadi miaka ya 1970, iliwezekana kisheria kumzuia mwenye kifafa kuingia hotelini au katika jumba la michezo ya kuigiza. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1937 iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa, na kipengele hicho hakikuondolewa hadi mwaka wa 1971. Sisi tulirithi sheria kama hiyo kutoka kwa wakoloni, nayo ilibaki katika vitabu vyetu hadi ilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014. Waliotunga sheria hizo walikuwa watu waliosoma, si waganga.

Cha kushangaza ni kwamba maelezo sahihi si mapya. Miaka ipatayo 2,400 iliyopita, maandishi ya Kigiriki yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates yalikwisha kudai kwamba kifafa hakina utakatifu wowote kupita maradhi mengine, na kwamba kinatoka ubongoni. Kwa hivyo kujua pekee hakutoshi. Elimu inaweza kukaa vitabuni karne nyingi huku mtu akiendelea kutengwa mlangoni kwake.

Dawa ipo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi zenye mapato ya chini na ya kadiri. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, mojawapo ya dawa zinazotumika, imekuwepo tangu mwaka wa 1912 na ni ya bei nafuu.

Hapa Kenya tuna ushahidi wetu. Katika eneo la Nakuru wagonjwa 302 walipewa fenobabitoni au kabamazepini chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya wa kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1991. Kati ya wale waliomaliza mwaka mzima wa matibabu, zaidi ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi 6 ya mwisho. Haikuhitajika hospitali kubwa.

Iwapo dawa ipo, mbona wengi hawatibiwi? Umbali, nauli na upungufu wa dawa vina sehemu yao. Lakini kuna mzazi anayemficha mtoto ndani ili dada zake wasikose wachumba. Kuna mfanyakazi anayemeza dawa chooni ili wenzake wasijue, na siku zikiisha haombi ruhusa kwenda kuchukua nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini tujiulize pia ni nani aliyemfanya aone heri kuficha.

Ufanye nini?

Ukimwona mtu ameanguka kifafa, usikimbie. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza na umsogeze mbali na moto, maji au barabara. Mwekee kitu laini chini ya kichwa na ulegeze shati au tai shingoni. Usimshike kwa nguvu na usimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole au maji. Hawezi kuumeza ulimi wake. Mtetemeko ukikoma, mlaze kwa ubavu na ubaki naye hadi fahamu zimrudie. Ukizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpelekeni hospitali mara moja. Fanya hivyo pia ikiwa ni mara yake ya kwanza, ikiwa ni mja mzito au ikiwa ameumia.

Mwenye kifafa asiache dawa ghafla kwa kuwa amepata nafuu, kwani mitetemeko huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mwanamke anayepanga kupata mtoto amwone daktari mapema, kwa maana baadhi ya dawa humdhuru mtoto tumboni. Na anayetaka kuombewa na aombewe, bora asiambiwe aache tembe zake.

Tukirudi pale kwenye steji, kijana yule akifumbua macho, atazame asione duara la watu walio mbali. Amwone mtu mmoja amechuchumaa kando yake, akimwambia jina la mahali alipo na kumuuliza anaelekea wapi.