Taazia za Askari na Maiti Asiyerudi

Katika mtaa wa Kihoto, ulioko Naivasha karibu na ziwa, ambako watu wa makabila mengi wamekusanywa na kazi za mashamba ya maua na biashara ndogondogo, hapana ada inayowaunganisha wakazi upesi kama msiba. Na msiba wa askari aliyeuawa kazini una namna yake ya pekee, kwani marehemu huyo huliliwa na jamaa mbili, waliozaliwa naye na waliolala naye handakini. Kambi za Gilgil na Lanet ziko njia moja ya kuelekea Nakuru, basi sare ya jeshi si kitu kigeni machoni pa watu wa huku.

Wengi wa wakazi ni wapangaji, wasio na kipande cha ardhi cha kuchimbia kaburi. Kwa hiyo matanga hukaliwa mtaani, na maziko hufanywa kwao marehemu, Nyandarua au Siaya, Bungoma au Kisii. Jioni majirani hukusanyika, wakasali, wakachanga, wakapanga safari. Askari wenzake wakija kuhani, wamwamkie kwanza mama wa marehemu, ndipo wakae. Na mimi naiona kuwa ni katika adabu kubwa kutowahoji hadharani juu ya saa ya mauti, kwa maana jambo hilo ni amana yao, na watalitoa wenyewe kwa baba au kwa mjomba wakati utakapofaa.

Jeshi nalo lina mila yake: jeneza hufunikwa bendera, kofia ya marehemu ikawekwa juu yake, baragumu likapigwa, risasi za heshima zikafyatuliwa hewani, kisha bendera ikakunjwa kwa taratibu na kukabidhiwa mjane au mzazi. Ni heshima kubwa, wala siidharau hata kidogo. Lakini yahitaji maiti.

Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, katika mkoa wa Gedo nchini Somalia, na wengi mno wakauawa. Siku 12 baadaye ikafanywa ibada katika kambi ya Moi, Eldoret, ikahudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na marais wa Somalia na Nigeria. Miongoni mwa miili iliyorejeshwa, mingine haikutambulikana ila kwa vipimo vya DNA, hata baadhi ya familia zikangoja muda mrefu pasipo kujua kama ni za kulia au ni za kutumaini. Na idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa na serikali.

Sasa tazama jinsi wahenga walivyolikabili jambo hili la maiti asiyerudi, ambalo dola imeliachia hapo. Kwa Wajaluo, mtu akifa mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa badala yake tunda la mwegea, liitwalo yago kwao, nalo hupewa kaburi katika boma kama apewavyo mwana wa nyumba. Tena Wajaluo wana tero buru, ambapo wanaume huswaga ng'ombe hadi mpakani, wakiwa na mikuki na ngao, wakipiga kelele za vita, ili mauti yafukuzwe mbali na boma. Waislamu wa madhehebu ya Shafi nao humsalia sala ya ghaibu yule aliyefia ugenini, ingawa jeneza halipo mbele yao. Mila hizi, ambazo asili zake ni mbalimbali kabisa, zote zinakiri haki moja ya marehemu: atajwe kwa jina lake, na wafiwa waruhusiwe kumaliza matanga.

Haki hiyo walinyimwa babu zetu. Wapagazi wa Vita Kuu ya kwanza, ambao kwa jina la kikosi chao twapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu kwa maradhi, njaa na mizigo. Wamesimamishiwa sanamu mjini Nairobi pamoja na askari, lakini walio wengi hawakuandikwa majina popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoyatunza makaburi ya vita, ambayo hulitunza na lile la Gilgil, ilikiri kwamba Waafrika hao hawakukumbukwa sawasawa na Wazungu, ikaomba radhi. Na vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama pamoja na meli ya Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944, baada ya kung'oa nanga Mombasa, ni wazee wangapi waliowangojea hadi wakafa wakingoja?

Kila tarehe 14 Oktoba jeshi letu huadhimisha Siku ya KDF, ambayo ni kumbukumbu ya kuingia Somalia mwaka 2011. Siku hiyo ingefaa majina ya wafu wa El Adde yasomwe yote, moja baada ya jingine, na asomaye awe ni askari aliyekula nao.