Majaribio Ambayo Hayakuendeshwa: Tulivyotafuta Hitilafu katika Programu Yetu ya Upatanisho

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba idara yetu ina programu ndogo ya kusahihisha mazoezi ya upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi hupewa nomino na kimilikishi, huandika kirai, na programu humwambia kama amepata au amekosa. Iliandikwa kwa lugha ya Java na wanafunzi wetu wanaosoma Kiswahili pamoja na kompyuta, nami nikawa msimamizi wa upande wa lugha. Muhula uliopita programu hiyo ilisahihisha kazi za wanafunzi kwa kanuni mbovu kwa muda wa wiki tatu bila mtu yeyote kugundua. Walioandika "rafiki yangu" walikosa. Walioandika "rafiki wangu" walipewa alama.

Lililotusikitisha zaidi ni kwamba tulikuwa na majaribio ya kulinda jambo hilo hilo. Makala haya yanaeleza kwa nini majaribio hayo yalinyamaza, na jinsi mtu anavyoweza kutafuta hitilafu za namna hiyo. Yameandikwa hasa kwa ajili ya walimu wa lugha ambao, kama mimi, walijifunza kompyuta ukubwani.

Kwanza tuelewane kuhusu jaribio lenyewe. Jaribio la kujiendesha ni kipande kidogo cha programu kinachoiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tunalijua tayari. Kwa mfano, tunaiuliza: kimilikishi cha nafsi ya kwanza umoja kwa nomino "rafiki" ni kipi? Ikijibu "yangu", jaribio limepita. Ikijibu kingine, jaribio limeanguka, na kompyuta inaonyesha lilipoangukia. Katika Java, chombo kinachotumika sana kwa kazi hii ni JUnit, kilichoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. Methodi ya jaribio huwekewa alama ya @Test juu yake. (Neno la Java ambalo wengine hulitafsiri kuwa "ngeli" mimi hapa ninaliita klasi. Katika idara ya Kiswahili, ukisema "ngeli ya pili haifanyi kazi" utaanzisha mjadala usiohusu kompyuta hata kidogo.)

Kanuni iliharibika hivi. Mwanafunzi mmoja hodari aliona kwamba sheria zetu za nomino za viumbe ni ndefu, akazifupisha: kila nomino ya kiumbe chenye uhai ifuate upatanisho wa M-/WA-. Kwa "mbwa wangu" na "ng'ombe wangu" sheria hiyo ni sahihi. Lakini sote tunajua kwamba kuna nomino za watu zenye umbo la N-, hasa za udugu na mahusiano, ambazo kimilikishi chake hubaki katika I-/ZI-: "baba yangu", "dada zangu", "rafiki yako", ingawa kitenzi na kivumishi hufuata M-/WA-, yaani "rafiki yangu mzuri amefika". Baada ya kubadilisha sheria, kijana aliendesha amri ya mvn test katika dirisha la amri kama tulivyomfundisha. Maven ikaandika BUILD SUCCESS. Akaridhika, nami nikaridhika.

Tulipofungua kazi ile ile ndani ya Eclipse na kuendesha majaribio kwa mkono, jaribio la "rafiki" lilitoa rangi nyekundu mara moja. Msimbo mmoja, kompyuta moja, majibu mawili. Hapo ndipo utafutaji ulipoanza, na ushauri wangu wa kwanza kwa msomaji unatoka hapo: vyombo viwili vikitofautiana, usianze kubadilisha msimbo. Uliza kwanza kama vyote viwili vimeendesha majaribio yale yale. Tulirudi kwenye maandishi ya Maven, tukasoma mistari iliyo juu ya neno SUCCESS, ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma. Palikuwa na mstari mfupi: No tests to run. Maven haikuwa imepata jaribio hata moja la kuendesha, na kwa mazoea yake haihesabu hilo kuwa kosa.

Sababu ilikuwa mimi. Tulipohamisha kazi yetu kwenda Maven nilipendekeza kwamba klasi za majaribio zipewe majina ya Kiswahili, kwa kuwa programu ni ya Kiswahili. UpatanishoTest ikawa JaribioLaUpatanisho, na nyingine zikafuata. Nilijivunia sana jambo hilo. Nisilolijua ni kwamba sehemu ya Maven inayoendesha majaribio, iitwayo Surefire, huchagua klasi kwa kutazama jina la faili. Ikiachwa na mazoea yake, hutazama ndani ya folda ya src/test/java na kuchukua majina yanayoanza na Test, au yanayoishia na Test, Tests au TestCase. Klasi yenye jina "Jaribio" haitazamwi kabisa. Eclipse kwa upande wake hutafuta alama ya @Test, haijali klasi inaitwaje, ndiyo maana yenyewe iliyaona.

Tiba ni mbili. Unaweza kurudisha neno Test mwishoni mwa jina, au unaweza kuieleza Surefire ndani ya faili la pom.xml, katika sehemu ya includes, kwamba ichukue **/Jaribio*.java. Sisi tulichagua ya pili. Wenzangu wa upande wa kompyuta walishauri ya kwanza kwa kuwa mtu mgeni ataielewa haraka, na nakiri hoja yao ina nguvu kuliko yangu.

Tuliendesha tena. Safari hii maneno yalibadilika: Tests run: 0, Failures: 0, Errors: 0. Mtu mwenye haraka angedhani ni tatizo lile lile, kwani sifuri ni sifuri. Sivyo. Ujumbe wa kwanza ulisema kwamba hakuna klasi iliyopatikana. Huu wa pili unasema klasi imepatikana na kufunguliwa, lakini ndani yake halikuonekana jaribio. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta: katika hali ya kwanza tazama jina na folda, katika hali ya pili tazama matoleo.

Suala la matoleo lina historia yake. JUnit 4 ilitoka mwaka 2006, na alama yake ya @Test iko katika pakeji ya org.junit. JUnit 5 ilitoka Septemba 2017 ikiwa imejengwa upya, na alama yake, yenye jina lile lile, iko katika org.junit.jupiter.api. JUnit 6 ya mwaka 2025 imeendelea na pakeji hiyo ya pili. Kwa jicho alama hizo mbili zinafanana kabisa. Kwa kompyuta ni maneno tofauti yenye tahajia moja, kama "kata" ya kuchotea maji na "kata" ya utawala. Surefire ya zamani haiijui alama mpya. Ilianza kuiendesha yenyewe kuanzia toleo la 2.22.0. Matoleo kadhaa ya Maven 3, likiwemo 3.6 lililokuwa katika maabara yetu, yakikosa kuelekezwa hutumia Surefire 2.12.4, ambayo ni kongwe. Tuliandika toleo la 3 la Surefire waziwazi ndani ya pom.xml, na kwenye maktaba zinazotegemewa tukaweka junit-jupiter nzima badala ya ile sehemu ya api peke yake. Majaribio yakaendeshwa, na lile la "rafiki" likaanguka kama lilivyopaswa kuanguka tangu mwanzo. Sijawahi kufurahia kosa kiasi hicho.

Wanaotumia Gradle badala ya Maven wana mtego unaofanana na huo: wasipoandika useJUnitPlatform() katika sehemu ya test, majaribio mapya huenda yasionekane.

Mtego uliofuata niliutega tena mwenyewe. Nilinakili methodi ya maandalizi kutoka kitabu cha zamani, yenye alama ya @Before, ambayo kazi yake ni kupakia orodha ya nomino kabla ya kila jaribio. Hiyo ni alama ya JUnit 4. Katika JUnit 5 inaitwa @BeforeEach, na ile ya zamani haikemewi, inapuuzwa tu. Orodha haikupakiwa, na kila jaribio likaanguka kwa NullPointerException. Majaribio yote yakianguka kwa kosa moja kwa pamoja, shuku maandalizi kabla ya kushuku sarufi.

Sasa nifike kwenye hitilafu ambayo walimu wa Kiswahili wanapaswa kuijua kuliko watu wa kompyuta. Kila kitu kilipokaa sawa kwenye kompyuta ya mwanafunzi, yenye Linux, tulihamia kwenye kompyuta za maabara, zenye Windows. Majaribio matatu yakaanguka: "ng'ombe", "ng'ambo" na "ung'amuzi". Hapa Uganda wanaoandika Luganda wana herufi ŋ kwa sauti hiyo. Sisi wa Kiswahili tunategemea ritifaa, na ritifaa ina sura mbili katika kompyuta. Ile iliyonyooka ni U+0027. Ile iliyopinda ni U+2019, ambayo Microsoft Word huiweka yenyewe unapoandika. Orodha yetu ya nomino ilichapwa katika Word, na majaribio yalichapwa katika Eclipse. Machoni ni neno moja, lakini ukiyalinganisha kwa equals ni maneno mawili.

Kwenye Linux mwanafunzi alikuwa amekwisha kulishughulikia hilo kwa kubadilisha iliyopinda kuwa iliyonyooka kila neno linaposomwa. Kwa nini basi maabara ilikataa? Kwa sababu faili lilihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, lakini programu ililisoma kwa FileReader bila kutaja usimbaji. Java za kabla ya toleo la 18 la mwaka 2022 hapo hufuata mazoea ya mfumo wa kompyuta, na Windows yetu ilikuwa na usimbaji wake wa zamani. Neno likasomwa "ngâ€™ombe", na ritifaa ya kubadilishwa haikuwepo tena. Tiba ni kutaja StandardCharsets.UTF_8 kila unaposoma faili, na kuweka project.build.sourceEncoding kuwa UTF-8 ndani ya pom.xml, hata kama una Java mpya, kwani hujui mwenzako ana ipi.

Mengine nitayapitia haraka. Maven ikilalamika kwamba haina kikusanyaji cha msimbo, huenda JAVA_HOME inaelekea kwenye JRE badala ya JDK. Faili la data lisipopatikana, liweke katika src/test/resources na ulisome kama sehemu ya programu, usitegemee njia ya folda ya kompyuta yako. Na Linux, tofauti na Windows, huona "Maneno.txt" na "maneno.txt" kuwa mafaili mawili.

Ili ukimya ule usirudi, tumeweka failIfNoTests kuwa true katika mpangilio wa Surefire. Sasa kazi isiyo na jaribio lolote inakataliwa. Aidha, mwanafunzi anayeleta mabadiliko huandika katika daftari la maabara idadi ya majaribio yaliyoendeshwa, siyo neno "yamepita". Leo ni 31. Ikishuka bila maelezo, tunasimama.

Kazi za wiki zile tatu tulizisahihisha upya kwa mkono, mimi na wasaidizi wawili, na alama zikabandikwa tena ubaoni. Baadhi ya wanafunzi walipanda, wachache wakashuka, na mmoja alikuja ofisini kuniuliza kwa nini alipokuja mara ya kwanza na kuniambia "Mwalimu, nyumbani tunasema rafiki yangu", nilimjibu aamini programu.

Jaribio moja tumeliwekea alama ya @Disabled kwa sasa, nalo linahusu "jirani". Tunasikia "jirani yangu" na pia "jirani wangu", na wahadhiri wa idara hatujakubaliana kama programu ipokee yote mawili. Mwenye hoja na alete mifano yake katika kikao cha idara cha mwezi ujao.