PA KULAZA UBAVU MOMBASA



Katika mkutano wa chama chetu muhula uliopita tulipiga kura, na ikapita kwa kishindo kwamba safari ya mwaka huu ni Mombasa, usiku tatu, mwezi wa Agosti. Makofi yalipigwa mpaka madirisha ya darasa yakatetemeka. Lakini tulipofika kwenye swali la tutalala wapi, chama kiligawanyika mara mbili. Kundi moja lilitaka hoteli ya ufuoni, ati "tuamke tukiiona bahari". Kundi la pili likasema popote pale, almuradi pawe rahisi. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yalikuwa yanabishana kabla ya kuuliza swali lenyewe: tunakwenda Mombasa kufanya nini?

Na jambo hili si la mzaha, kwa sababu sisi ni shule ya kutwa. Miongoni mwetu kuna wale ambao mzazi akitajiwa shilingi elfu kumi, safari imekufia hapo hapo. Wengine wao ndio hao hao wanaobaki kila Ijumaa kufanya mazoezi ya mashairi huku wenye pesa wamekwenda zao nyumbani. Bei ya kitanda ndiyo itakayoamua nani atapanda gari na nani atasimama langoni kutupungia mkono.

Ninayoyaeleza hapa sikuyaokota njiani. Shangazi yangu amefanya kazi katika gesti moja huko Mombasa kwa miaka mingi, na likizo za Desemba mimi humsaidia kukunja mashuka na kubeba ndoo. Ukitaka kuijua gesti usimwulize mwenyewe, muulize anayefua mashuka.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hapa Kenya mtu akisema "hoteli" mara nyingi ana maana ya pahali pa chai na chapati. Ukimwuliza makanga hoteli ya bei nafuu iko wapi, atakupeleka moja kwa moja kwenye maharagwe, na hatakuwa amekosea. Pa kulala pa bei ya chini uliza "gesti" au "loji". Chumba chenye choo na bafu ndani watu wa mjini wanakiita "selfu", na kile ambacho choo chake kiko mwisho wa ujia, mnatumia pamoja na majirani, ni cha bei ya chini zaidi. Kwa wanafunzi, choo cha pamoja si neno. Shuleni si ndivyo?

Sasa kuna jambo ambalo wengi wetu wa bara hatulijui mpaka tufike. Mji wa Mombasa wenyewe ni kisiwa, na fuo zile za mchanga mweupe tunazoziona kwenye kalenda haziko kisiwani. Ziko ng'ambo. Upande wa kaskazini, ukivuka daraja la Nyali, kuna Nyali yenyewe, Bamburi na Shanzu. Upande wa kusini unavuka kwa feri ya Likoni, ambayo mtu wa miguu halipi chochote, kisha unaendelea mpaka Tiwi na Diani, na hapo tayari uko kaunti ya Kwale. Kisiwani kuna Mama Ngina, pahali pazuri pa kukaa jioni ukila mihogo na kutazama meli zikiingia Kilindini, lakini si pa kuogelea. Gesti za bei nafuu nazo zimejaa kisiwani: Mwembe Tayari yanakoshukia mabasi, Majengo, na vichochoro vilivyo karibu na soko la Markiti. Kwa hivyo kitanda rahisi kiko upande mmoja wa maji na mchanga uko upande mwingine. Ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Hebu tuitazame bahari yenyewe kabla ya kuilipia. Maji ya bahari hujaa na kupwa, mara mbili mbili kwa muda wa siku moja na dakika kama hamsini hivi. Ndiyo maana kila siku saa za maji husogea mbele: leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tano. Yakipwa pale Bamburi huwa yamekwenda mbali, yamebakisha mawe, mwani na vidimbwi. Unaweza kutembea na kuwatazama kaa, lakini kuogelea, la. Isitoshe, Agosti ni majira ya kusi, na kusi huleta mwani mwingi ufuoni. Ukipiga hesabu ya mchana, kwa siku moja utapata saa chache tu za maji mazuri. Kulala ufuoni ni kulipia saa ishirini na nne ili utumie nne. Watalii wanafanya hivyo kwa sababu wamekuja kupumzika. Sisi hatukuchoka kiasi hicho.

Nasi tunakwenda kufanya nini? Ratiba ya mwalimu mlezi inasema: siku ya kwanza Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Siku ya pili ni Mji wa Kale, kusikiliza Kimvita kikisemwa na wenyewe. Siku ya tatu ndiyo ya bahari. Sisi tumesoma darasani kwamba Mmvita husema "mato" mahali petu pa "macho" na "nti" mahali pa "nchi", na kwamba Muyaka bin Haji alitungia lahaja hiyo mashairi yake karne ya kumi na tisa. Kulisoma ni kitu kimoja, na kulisikia kwa mama anayekukaangia viazi karai ni kitu kingine kabisa. Kwenye hoteli za ufuoni mtu akikuona na begi atakusalimu kwa Kiingereza, pengine kwa Kijerumani. Siku mbili kati ya tatu kazi yetu iko kisiwani, tena mwendo wa miguu kutoka gesti nyingi.

Haya, tupige hesabu. Nambari hizi nimeziweka za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tuseme chumba cha vitanda viwili mjini ni shilingi 1,200 kwa usiku, basi kila mmoja 600, na kwa usiku tatu 1,800. Chai ya asubuhi ununue nje, mahamri na mbaazi, tuseme 100 kila siku, hiyo 300. Matatu ya kwenda Bamburi na kurudi siku moja, tuseme 200. Jumla 2,300. Sasa chumba cha ufuoni, tuseme 3,000 pamoja na chai, kila mmoja 1,500, usiku tatu ni 4,500. Matatu ya kuja kisiwani siku mbili na kurudi ni 400. Jumla 4,900. Tofauti ni shilingi 2,600 kwa kila mwanachama. Mjue kwamba mwezi wa Januari 2024 nauli ya gari moshi kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la chini, ilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500. Hiyo tofauti basi inakaribia nauli ya kwenda na kurudi. Kwa lugha nyingine, kila watu sita wakilala ufuoni, wangelala mjini wangepata pesa za kumlipia mwenzao mmoja safari nzima ya treni, chakula na kitanda. Ndiyo maana nasema bei ya chumba peke yake ni kiini macho. Jumlisha nauli, jumlisha chai, kisha ndio ulinganishe.

Sitaki kuwa kama wakili wa gesti. Kuna wakati ufuo hushinda. Familia ya watu sita wanaotaka bahari tu wanaweza kukodi nyumba ya kupika wenyewe kule Bamburi au Mtwapa, na kila mmoja akalipa kidogo kuliko gesti. Lakini sisi tukianza kupika ugali wa watu ishirini na wawili, Fort Jesus tutaiona kwenye picha.

Sasa ukishaamua ni mjini, unachaguaje? Shangazi anasema mgeni wa bara akiingia chumbani hutazama kitanda. Mgeni mwerevu hufungua bomba. Mombasa haina mto wa maji matamu, maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi. Hayatoshi, na mgao ni jambo la kawaida. Kwa hivyo fungua bomba, kisha uliza kuna tangi juu ya nyumba au hakuna, na likikauka wanafanyaje. Onja tone moja kwa ulimi. Yakiwa ya chumvi ni ya kisima. Kuoga utaoga, lakini sabuni haitoi povu na nywele za wasichana zitakuwa kama katani. Ya kunywa mtanunua, na hiyo nayo ni gharama ya kuingiza katika hesabu. Gesti yenye mapipa yaliyojaa maji na kufunikwa vizuri ujue ina mtu anayefikiri.

Baada ya maji tazama juu. Ghorofa ya mwisho iliyo chini kabisa ya mabati au sakafu ya saruji hunyonya jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Mwenye gesti atakusifia "upepo wa juu" kwa sababu vyumba hivyo huwa havichukuliwi. Omba ghorofa ya katikati, dirisha linalofunguka kweli kweli, na feni uiwashe uione ikizunguka. Agosti Mombasa haina joto la kuua kama la Februari na Machi, kwa hivyo anayetuuzia chumba cha mashine ya baridi kwa bei ya juu tumshukuru tu na kuaga. Neti nayo ifungueni muitazame kwenye taa. Neti yenye tundu la kidole ni mtego wa mbu: wanaingia, wanashindwa kutoka, wanakula ndani.

Kuna jambo jingine, na walimu wataniwia radhi. Baadhi ya loji za bei ya chini hazina haja na mgeni wa kulala usiku, zinakodisha vyumba kwa saa. Huko hapafai kikundi cha shule hata wakitulipa wao. Dalili hazijifichi: baa iko chini yake, muziki hauzimwi, mtu wa mapokezi anauliza mnakaa kwa muda gani badala ya siku ngapi, na hataki kuandika jina wala kitambulisho. Dalili njema ni kinyume chake: daftari la wageni limejaa mistari, mlango mkuu unafungwa usiku na kuna mlinzi, na kwenye kamba ya nguo utaona suruali za watoto. Familia zikilala pahali, nasi tunaweza kulala. Wasichana wapewe ghorofa moja pamoja na mwalimu wa kike, na kila mlango uwe na komeo ndani, si kufuli la nje peke yake.

Mwembe Tayari nitaisema vizuri na vibaya. Ni karibu na kila kitu, lakini mabasi yanapiga honi usiku kucha. Vyumba vya nyuma, mbali na barabara, ndivyo vya kuomba. Ukikaa karibu na Mji wa Kale utaamshwa na adhana ya alfajiri, nayo ni bora kuliko kengele yetu ya saa mbili kasorobo. Mavazi huko yawe ya heshima, kaptura zingojee siku ya bahari.

Bei yenyewe si ya Kurani wala Biblia. Aprili hadi Juni ni mvua na wageni ni haba, hapo mwenye gesti ataongea na wewe mpaka mtaelewana. Desemba vyumba hupanda, na hata pesa ukiwa nazo unaweza kukosa. Agosti iko katikati, likizo za shule zinaleta watu, kwa hivyo ni lazima tuzungumze mapema. Nguvu yetu ni wingi: vyumba kumi na viwili kwa mpigo mmoja, usiku tatu, wageni wasiokunywa pombe. Nimemwona shangazi akimshauri tajiri wake apunguze bei kwa kikundi kama hicho.

Lakini msitume hata shilingi moja kwa picha. Mwaka juzi kikundi cha vijana wa kanisa kutoka bara kilifika kwa shangazi saa tatu usiku na mizigo kichwani. Walikuwa wametuma pesa zote kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi, kulipia vyumba walivyoviona kwenye simu. Jengo walilikuta, ila ni ghala la mchele. Wasichana walipewa vyumba viwili vilivyokuwa wazi, wavulana wakalala kwenye mikeka sebuleni. Nambari ya malipo iwe ya biashara, jina litokee sawa na lililo mlangoni, tutoe sehemu tu ya pesa na risiti iandikwe. Zaidi ya hayo, mtu aliye Mombasa aende kwa miguu yake, apande ngazi, afungue bomba.

Mtu wa kwenda tunaye, ni shangazi. Gesti yake mwenyewe sitaitaja hapa msije mkasema nimelipwa. Amekubali kutazama nyumba nyingine tatu na kutuandikia bei, maji na milango. Mwanachama mwenye jamaa Mombasa anayeweza kutazama nyingine zaidi ampe katibu jina kabla ya mkutano wa Ijumaa ya pili ya muhula ujao. Siku hiyo tutapiga kura ya pili, na safari hii tukiwa na karatasi ya hesabu mbele yetu.