Kufundisha kwa Njia ya Kambi: Mfano wa Rungwe na Uwanda wa Kitulo

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, walimu-wanafunzi hutuuliza swali moja mara kwa mara: je, kulala katika mahema kando ya ziwa si anasa ya watalii? Mtoto wa mkulima, ambaye kila siku huamkia shambani na mtoni, atajifunza nini huko asichokijua?

Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kuishi karibu na kitu si sawa na kukichunguza. Mtoto aweza kupita kando ya ziwa miaka saba bila kujiuliza maji yake yametoka wapi. Kambi humpa mtoto nafasi ya kutazama, kupima, kuandika na kuuliza. Tena, siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitaka shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Kambi iliyopangwa vyema hutimiza shabaha hiyo. Kambi isiyopangwa huhatarisha maisha ya watoto.

Mahali penyewe

Tumechagua mfano wa Rungwe na Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini. Rungwe ni nchi ya wakulima: ndizi, chai, kahawa, maharage na viazi hustawi katika udongo uliotokana na volkeno. Volkeno hizo ndizo zilizofanya maziwa pia. Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita Kisiba, limo katika shimo la mlipuko. Hakuna mto uingiao wala utokao, na kina chake cha katikati huzidi mita 30. Ziwa Ngozi limo ndani ya kreta katika Milima ya Poroto, nalo limezungukwa na kuta za mwinuko mkali zenye msitu.

Upande wa mashariki uko Uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya kulinda maua yake. Kandokando ya hifadhi hiyo wakulima hulima viazi na pareto.

Matayarisho

Mwalimu asiwapeleke watoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Yafaa atangulie juma moja au mawili kabla, akague mambo haya:

(a) Ruhusa. Kijijini, mwalimu aonane na uongozi wa kijiji na mwenye shamba. Katika hifadhi au msitu wa serikali, apate ruhusa ya wahifadhi. Wazazi nao watoe idhini.

(b) Maji ya kunywa. Maji ya ziwa yachemshwe, hata yakionekana maangavu.

(c) Choo. Shimo lichimbwe mbali na maji, upande wa chini wa kambi, nalo lifukiwe siku ya kuondoka.

(d) Kuni. Katika nchi ya wakulima, kila mti una mwenyewe. Kuni ziletwe au zinunuliwe.

(e) Majira. Mvua za Rungwe ni nyingi tangu Novemba hadi Mei. Kiangazi ndicho kifaacho kwa mahema. Lakini mwezi wa Juni na Julai Kitulo huwa na baridi kali, hata sakitu huanguka usiku. Asiye na mablanketi ya kutosha asilaze watoto huko. Aende na kurudi siku hiyo hiyo.

Kazi za kambini

Kambi isiyo na kazi maalumu hugeuka kuwa mchezo. Tunatoa mifano mitatu.

Hisabati: kupima upana wa maji bila kuyaingia. Chagueni mahali tambarare penye pembe ya ziwa isiyo pana. Mtoto asimame ukingoni, mkabala wa mti ulio ng'ambo. Kisha atembee hatua 40 kufuata ukingo, achomeke kijiti, na aendelee hatua 4 mbele. Hapo ayape maji kisogo, aende moja kwa moja akihesabu hatua, mpaka atakapogeuka na kuona kijiti na mti vimekuwa mstari mmoja. Hatua hizo zikizidishwa kwa 10 ndizo upana wa maji, kwa kuwa pembetatu mbili zilizofanyika zinafanana. Vikundi vitatu vipime, kisha matokeo yalinganishwe. Watoto watagundua wenyewe kwamba kosa la hatua moja nalo limezidishwa kwa 10.

Sayansi: kwa nini maharage hukawia kuiva Kitulo? Tukuyu, penye kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kitulo huchemka kwenye 91 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa imepungua. Maji huchemka mapema, lakini hayana joto kama yale ya bondeni. Mwalimu asilitoe jibu kwanza. Watoto wapike maharage ya aina moja mahali pote pawili na kuandika saa, ndipo waulizane sababu.

Maarifa ya nchi: chikanda. Mizizi ya okidi fulani za nyanda hizi huchimbwa ikawa chakula, na nyingi imekuwa ikiuzwa Zambia. Anayeuchimba mzizi huondoa mmea mzima. Hapa pana suala gumu: mchimbaji anatafuta ada ya shule ya mwanawe, na ua likiisha halirudi upesi. Mwalimu asiwahukumu wachimbaji mbele ya watoto. Huenda baba wa mmoja wao ni mchimbaji. Awaongoze watoto kuuliza: pato hili litadumu miaka mingapi? Kuna zao gani badala yake? Hapo mtoto hujifunza kufikiri.

Usalama: somo tulilolipata wenyewe

Mwaka mmoja tulipiga kambi kando ya ziwa pamoja na watoto 38 wa darasa la tano. Jioni tulihesabu watoto 37. Tulihesabu tena, wakawa 37. Kwa nusu saa tulizunguka ukingoni tukiita, na hatukuthubutu kutazamana usoni. Kisha mtoto akatokea migombani, amebeba kijinga cha moto. Kiberiti cha kikundi chake kililowa, naye akaenda kuomba moto kwa jirani, kama afanyavyo kwao kila siku.

Mtoto hakukosa. Sisi ndio tuliokosa, kwani hatukumwonyesha mpaka wa kambi wala hatukumwambia aage nani. Tangu siku ile tunafuata kanuni nne:

1. Kila mtoto ana mwenzi wake, na hakuna aendaye popote bila mwenziwe.
2. Watoto huhesabiwa kila saa moja mchana, kabla ya kulala, na alfajiri.
3. Mpaka wa kambi huwekwa kwa kamba siku ya kwanza, kabla hema halijasimamishwa. Upande wa maji, kamba huwa hatua 20 kutoka ukingoni.
4. Hakuna kuogelea. Maziwa ya kreta huwa na kina kirefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Kazi za ukingoni hufanywa mwalimu akiwapo.

Hitimisho

Asubuhi ya kuondoka, watoto na wasafishe mahali pale mpaka mwenye shamba asione alama ila majani yaliyolala. Kisha waende kumshukuru. Shuleni waandike taarifa, wachore ramani, na wawasomee wazazi waliyoyaona.

Ndugu walimu-wanafunzi, si lazima kambi ya kwanza iwe ya siku tatu. Anzeni na usiku mmoja, katika uwanja wa shule, mkijizoeza kusimamisha mahema, kupika na kuhesabu. Hesabu ikitimia hapo, alfajiri na jioni, ndipo mfikirie ziwa.