Alama za Simu Hazitoshi, Muulize Mtoto

Leo nazungumza na wazazi wa Thika na Ruiru walio na vijana nyumbani.

Siku hizi mzazi hujibu maswali kuhusu afya ya akili ya mtoto wake kwa simu au pale saiba. Fomu moja ijulikanayo sana ni SDQ, iliyotungwa na daktari Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997. Ina maswali 25, na ipo kwa Kiswahili. Je, mtoto hulalamika kuumwa kichwa au tumbo mara kwa mara? Ana wasiwasi mwingi? Ana rafiki wa karibu? Unajibu ukifikiria miezi 6 iliyopita.

Fomu hiyo ni kama kipimajoto. Huonyesha kuna joto, haisemi ni malaria au ni homa ya matumbo. Basi alama nyingi si ugonjwa, ila ni sababu ya kumwona daktari. Na alama chache zisikutulize, kwani fomu hiyo haiulizi kama mtoto anawaza kujiua.

Muulize mwenyewe, mkiwa wawili, kwa upole: "Umewahi kuona afadhali ufe?" Kuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani. Akikubali, usimkemee wala usimwache peke yake. Fungia tembe na dawa za shambani, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kusaidia watoto haina malipo.